Baiskeli na Kiongozi Vijijini: Njia Ipi Uilipie Kwanza Ukitokea Mwanza

Anayetaka kukodi baiskeli pamoja na kiongozi ili azunguke vijijini akitokea Mwanza huulizia bei kabla ya kuulizia njia, na hapo ndipo fedha hupotea, kwa kuwa safari mbili za bei moja zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi. Njia zilizo hapa nimezipanga kwa kumfikiria mwendeshaji wa kawaida, ambaye si mwanariadha na ana siku moja au mbili tu.

Ya kwanza, bila kusita, ni Ukerewe. Kisiwa hiki ndicho kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, kikiwa na takriban kilomita za mraba 530, na meli kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua zaidi ya saa tatu. Kwa hiyo usikubali kuuziwa Ukerewe kama safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, maana siku itaishia majini. Lala Nansio, uondoke alfajiri kabla jua halijakolea, upite kati ya mashamba ya mihogo na michungwa hadi Bukindo, ilipo ikulu ya zamani ya mtemi wa Wakerewe, kisha umalizie Handebezyo, kwenye kilima cha mawe ambacho ukikipanda unaliona ziwa limekizunguka kisiwa.

Ya pili ni Kisesa na Bujora, takriban kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, nayo inamfaa mwenye siku moja. Baiskeli zipakiwe kwenye gari hadi Kisesa, kwa sababu kushindana na malori na daladala si matembezi. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, yatengee angalau saa mbili, hasa banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ukiweza, nenda Juni, wakati wa Bulabo, sikukuu ya Wasukuma ambapo vikundi viwili vya jadi, Bagika na Bagalu, hushindana kwa ngoma.

Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, naiweka ya tatu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025, kusubiri kivuko kumekwisha, lakini vituo vya kuvutia viko mbali kimoja na kingine. Mwenye watoto wadogo aache baiskeli, awapeleke Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, ambako boti hufika kwa dakika chache na pimbi huonekana wakiota jua juu ya mawe.

Njia yoyote utakayoichagua, mpime kiongozi kabla ya kutoa fedha. Siku moja, karibu na Kisesa, mwiba ulitoboa tairi langu la nyuma, na kiongozi niliyemlipa hakuwa na pampu wala kiraka. Tulisukuma baiskeli juani zaidi ya saa moja. Kule Bukindo yalinipata hayo hayo, lakini kijana niliyekuwa naye aliipindua baiskeli ikakalia kiti na usukani, akauchomoa mpira wa ndani, akaujaza upepo na kuuzamisha kidogo kidogo katika beseni aliloliazima kwa mama jirani, mpaka vipovu vikaonesha tundu. Akakwangua kwa msasa, akapaka gundi, akaingoja ikauke ndipo akabandika kiraka. Yule mama alikuwa akimfahamu kwa jina, na hilo lina thamani kubwa, kwa sababu kiongozi anayejua kusalimia wazee, awe anasema *mwangaluka* huko Kisesa au anatumia lugha ya kisiwani, ndiye atakayekufungulia njia za kupita mashambani.

Mwombe basi akuoneshe pampu, viraka na gundi, binya breki zote mbili, na uzungushe magurudumu uone kama yamepinda. Uliza kama bei inajumuisha nauli ya meli, viingilio na maji ya kunywa, kisha ulipe nusu mwanzoni na nusu mkirudi. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora, kwani mvua zikinyesha udongo mweusi wa mbuga hujaa kwenye madigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Na kiongozi akikukaribisha kuoga ziwani penye majani, kataa: kichocho hupatikana hapo hapo.