Kihispania cha hotelini: kuuliza nilijua, jibu ndilo lililonipita

Nilinunua kozi hii ya sauti wiki saba kabla ya safari. Mama alikuwa na hamu ya kuiona Alhambra, ngome na kasri la kale lililoko Granada, Hispania, tangu mimi mdogo, na hatimaye tukapata nafasi: usiku nne Sevilla, usiku tatu Granada. Vyumba nilivipanga mimi, kwa hiyo mimi ndiye ningesimama mapokezini. Sikutaka mama asimame nyuma yangu na begi lake huku nikimwonyesha mhudumu kwa vidole. Sikuhitaji Kihispania cha kusoma magazeti. Nilitaka cha kupata ufunguo, taulo, maji ya moto na saa ya chai ya asubuhi.

Kwa hilo kozi imejitahidi. Ina masomo 20, kila moja kama robo saa, pamoja na kijitabu cha kusoma kwenye simu. Haikuchoshi kwa sarufi. Somo la kwanza tu tayari unasema *Tengo una reservación a nombre de…*, yaani nina nafasi niliyoiweka kwa jina la fulani, na la pili unaomba chumba chenye vitanda viwili. Hapo nilijifunza kwamba *habitación doble* ni chumba cha watu wawili tu, haisemi vitanda ni vingapi. Ukitaka viwili, sema *con dos camas*. Kitanda kimoja kipana Wahispania wanakiita *cama de matrimonio*, kitanda cha ndoa. Kwa mtu anayesafiri na mama yake, somo hilo peke yake lilistahili pesa yangu.

Sasa nieleze jambo ambalo sikulisoma kwa mtu yeyote kabla ya kununua. Kozi imetungwa kwa ajili ya watu wanaozungumza Kiingereza, na kijitabu kina safu inayokuonyesha matamshi kwa herufi za Kiingereza. Msemaji wa Kiswahili aifunike safu hiyo kwa kiganja. Mimi niliifuata wiki nzima ya kwanza nikawa natamka vibaya kuliko nilivyoanza. Kihispania kina irabu tano, a e i o u, na zinasomeka kama zetu. *Cama*, *manta*: soma kama unavyosoma Kiswahili na utaeleweka. Hiyo *ñ* ni ny ya nyumba. *J* ni kh ya kheri. *H* haitamkwi kabisa. *Ll*, kama kwenye *llave*, ufunguo, sehemu kubwa ya watu husema y. Na *z*, au *c* ikifuatwa na e au i, sehemu kubwa ya Hispania ni th ya thamani, ingawa Amerika ya Kilatini ni s, na hata huko Andalusia tulikokwenda wapo wengi wanaosema s. Sauti zote hizo tunazo. Mwalimu wa kwenye rekodi anatumia dakika nzima kufundisha kh kana kwamba ni ya kuikwangua kooni kwa shida.

Mkazo tu ndio wa kuangalia. Sisi tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho, nao kwa maneno mengi ni hivyohivyo, lakini ukiona alama juu ya irabu, mkazo uko hapo: habita-CIÓN, te-LÉ-fono.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni somo la 9, la kueleza hali yako. Kijitabu kinaonya kwamba hapa kuna kanuni ngeni, wasomaji wawe na subira. Kanuni yenyewe ni kwamba Mhispania hasemi yeye ni mwenye njaa. Anasema ana njaa. *Tengo hambre*, nina njaa. *Tengo sed*, nina kiu. *Tengo sueño*, nina usingizi. *Tengo frío*, nina baridi. Hata umri ni vivyo hivyo: *tengo cuarenta años*, nina miaka arobaini. Nilisimamisha rekodi nikamwita mama aje asikilize. Kanuni waliyoiita ngeni ni Kiswahili kitupu. Somo hilohilo linatahadharisha, na hapa nawashukuru watunzi, kwamba ukisikia joto useme *tengo calor*, usithubutu *estoy caliente*, maana hiyo ni habari ya tamaa ya mwili.

Kasoro ya kwanza ni ndogo. Kozi imechanganya Kihispania cha Mexico na cha Hispania bila kukwambia. Ilinifundisha *reservación*, *elevador*, *regadera*, *cobija*, yaani nafasi ya chumba, lifti, bafu la manyunyu na blanketi. Sevilla nikakuta ni *reserva*, *ascensor*, *ducha*, *manta*. Nilieleweka kila mara, watu ni waungwana. Ila nikiuliza kwa neno moja, ninajibiwa kwa lingine, na hilo lingine sijawahi kulisikia.

Hiyo inanipeleka kwenye kasoro kubwa. Kozi nzima inakufundisha kuuliza. Kwenye rekodi, baada ya swali lako, mhudumu anajibu neno moja au mawili, taratibu, kwa sauti safi ya studio. Mapokezini hakuna anayejibu hivyo. Usiku wa kwanza Sevilla nilitamka sentensi yangu vizuri kabisa, na nadhani ndiyo sababu dada wa mapokezi akanijibu kwa kasi ile anayowajibu wenzake. Kwanza *¿Me deja los pasaportes?* Kozi ilikuwa imenifundisha kusema tu *aquí tiene mi pasaporte*, pasipoti yangu hii hapa. Hilo *me deja*, utaniachia, lilinitia wasiwasi kwamba pasipoti zetu zinabaki. Hazikubaki. Sheria ya Hispania inazitaka hoteli ziandikishe wageni, basi alizinakili akazirudisha. Halafu fomu: *nombre*, *primer apellido*, *segundo apellido*. Wahispania kwa kawaida wana majina mawili ya ukoo, la upande wa baba na la upande wa mama, na jina letu la katikati lilikuwa limeingizwa kwenye kisanduku kisicho chake, ndiyo maana alitafuta nafasi yetu muda mrefu bila kuiona. Kutaja herufi kungetusaidia, na kozi haina hata dakika moja ya kutaja herufi. Jina lenye W utalitajaje kama hujui kwamba Hispania herufi hiyo ni *uve doble*?

Kisha akasema namba ya chumba. Kozi imefundisha namba kwa mfuatano, moja hadi mia, kama watoto wanavyohesabu, lakini haikuwahi kunitupia namba moja ya ghafla niikamate. Nilisikia *trescientos dos*. Alisema *trescientos doce*. Tukasimama na mama mbele ya 302 tukijaribu kadi, mwenye chumba akatufungulia akiwa na nguo za kulala, nami sikuwa na neno la kutosha la kumwomba radhi zaidi ya *perdón*. Chumba chetu kilikuwa 312.

Na saa. Hapa nazungumza na Waswahili wenzangu peke yao, maana kozi ya Kiingereza haiwezi kulijua hili. Saa zetu zinaanza jua linapochomoza. Zao ni zile za Kizungu. *Siete* ni saba, lakini *las siete* asubuhi ni saa moja. Unapokuwa umechoka na akili yako inatafsiri moja kwa moja, inatafsiri namba na kusahau kuigeuza. Niliuliza kifungua kinywa ni saa ngapi, nikajibiwa *de siete a diez y media*, nikamgeukia mama nikamwambia, "Kuanzia saa saba mpaka saa kumi na nusu."

Mama anatumia dawa kila asubuhi, na lazima ale kwanza. Akanitazama. "Mwanangu, sasa hiyo dawa nitaimeza na nini mpaka saa saba?"

Nilirudi mapokezini nikiwa na aibu ya kutaka kutafsiri upya kitu kilekile, na ndipo nikatumia sentensi ambayo kozi imeificha kwenye somo la 17, wakati ingefaa iwe ya kwanza: *¿Me lo puede escribir, por favor?* Naomba uniandikie. Akaandika 7:00 – 10:30. Saa moja hadi saa nne na nusu. Mama akalala kwa amani.

Kuanzia usiku huo nilibadilisha namna ya kuitumia kozi. Niliacha kurudia maswali. Niliandika namba na saa kwenye vikaratasi, nikawa nachomoa kimoja na kukisema kwa Kihispania huku nikikigeuza kuwa saa ya Kiswahili: *las ocho*, saa mbili, *las doce*, saa sita, *las cinco y media*, saa kumi na moja na nusu. Mama alinishikia vikaratasi. Siku ya tatu alikuwa ananipita kwa kasi.

Kitu kingine ambacho hakimo kwenye kozi na kinaweza kumuunguza mtu: bomba lenye herufi C ni la moto, *caliente*. La baridi ni F, *fría*. Aliyezoea herufi za Kiingereza atadhani C ni la baridi. Mwambie kila uliyesafiri naye kabla hajaingia bafuni. Milangoni nako, *tirar* ni vuta na *empujar* ni sukuma.

Granada ilikuwa na baridi ya milimani, na lifti ya hoteli haikuwa ikifanya kazi. Tulipewa chumba ghorofa ya tatu. Magoti ya mama hayapandi ngazi nyingi. Hapo ndipo kozi iliponilipa. Somo la 12, la malalamiko, limetungwa vizuri kuliko yote, na nilikuwa nimelirudia mpaka linatoka lenyewe: *El ascensor no funciona. Mi madre no puede subir escaleras. ¿Puede cambiarnos de habitación?* Yaani lifti haifanyi kazi, mama hawezi kupanda ngazi, unaweza kutubadilishia chumba? Neno *ascensor* nilikuwa nimeshaliokota Sevilla. Kijana wa mapokezi akaangalia kompyuta yake akasema jibu refu, na ndani yake nikasikia *mañana por la mañana*. *Mañana* ni kesho, na pia ni asubuhi. Yote mawili kwa pamoja ni kesho asubuhi. Nilimwomba arudie, *más despacio, por favor*. Usiku huo walikuwa wamejaa, lakini kesho asubuhi chumba cha ghorofa ya kwanza kingekuwa wazi. Akambebea mama begi, akampandisha ngazi polepole akipumzika naye kila kituo. Nikaomba *una manta más*, blanketi moja zaidi, akaleta mawili.

Naipa kozi nyota tatu kati ya tano. Ninunue tena? Ndiyo, kwa masomo ya 9 na 12 na kwa lile la vyumba. Ila ningeanza na somo la 17, na ningetafuta rekodi za Wahispania wakitaja namba kwa kasi yao.

Siku ya kuondoka basi letu lilikuwa la jioni. Nikauliza mapokezini kama tunaweza kuacha mabegi *hasta las cinco*. Hilo *hasta* nililishika siku ya kwanza bila jasho, kwa kuwa limetoka Kiarabu kama "hata" yetu, ile ya wazee wanaposema hata jioni wakimaanisha mpaka jioni. Kijana akajibu kwamba hakuna haraka, *hasta las ocho*.

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Mpaka saa mbili usiku, mama."

Akachomoa kikaratasi cha namba nane kwenye mkoba wake, akakitazama, akakirudisha.