NumPy na kugawanya kwa sifuri: nguvu zake na pengo moja la hatari

Ukiandika 1.0 / 0.0 katika Python ya kawaida, programu husimama na kutoa kosa la ZeroDivisionError. Hesabu hiyo hiyo ikifanywa ndani ya safu (orodha ya namba) ya NumPy, maktaba ya Python ya hesabu, kazi huendelea, jibu huwa inf, yaani isiyo na kikomo, na onyo hutokea kwenye skrini. Naunga mkono uamuzi huu wa NumPy, kwani unafuata kiwango cha IEEE 754 cha hesabu za namba za desimali kwenye kompyuta, cha mwaka 1985, kilichojengwa kwa mchango mkubwa wa William Kahan, ambacho hutofautisha mambo mawili: namba isiyo sifuri ikigawanywa kwa sifuri hutoa inf, chanya au hasi, ilhali sifuri kwa sifuri hutoa nan, yaani jibu ambalo si namba. Safu yenye vipimo milioni moja haistahili kukatishwa kazi kwa sababu ya kipimo kimoja.

Kinachonisumbua ni namba kamili. Safu ya namba kamili ikigawanywa kwa sifuri kwa alama ya // (mgawanyo unaotoa namba kamili), jibu ni 0 na onyo tu. Tofauti yake ni kubwa: inf ikiingia kwenye wastani, wastani wote huharibika waziwazi na mtu huanza kutafuta chanzo, lakini 0 hiyo huushusha wastani kidogo tu, ukaonekana wa kawaida kabisa. Isitoshe, onyo la mstari ule ule kwa kawaida huonyeshwa mara ya kwanza tu, kwa hiyo katika programu inayokesha ikifanya kazi ni rahisi lipotee.

Kinga ipo, tena nzuri: errstate, chombo cha NumPy, hugeuza onyo kuwa kosa kwa sehemu ya programu uliyoichagua. Ni lazima uweke divide (kugawanya kwa sifuri) na invalid (hesabu isiyo na jibu halali) zote mbili kuwa 'raise', yaani toa kosa, maana divide peke yake haikamati 0.0 / 0.0. Kwa wanaotaka kuruka sifuri, np.where, inayochagua jibu kwa kila nafasi, haiwafai, kwa kuwa mgawanyo hufanyika kwanza ndipo uchaguzi ufuate; watumie np.divide yenye where (inayosema nafasi zipi zigawanywe), wakiipa pia out (safu ya kupokea majibu) iliyokwisha kujazwa, la sivyo nafasi zilizorukwa hubaki na thamani zozote zilizokuwamo kwenye kumbukumbu. Simshauri mtu kukimbilia nan_to_num, ambayo isipoelekezwa vingine hugeuza nan kuwa 0 na inf kuwa namba kubwa ya takribani 1.8e308, ikifuta dalili pekee iliyobaki ya tatizo.