Oili mpya ya giaboksi: gia zilizolainika, na moja ambayo oili haikuigusa

Oili mpya imeondoa karibu ugumu wote wa asubuhi wa namba mbili. Imepunguza mkwaruzo wa namba tatu bila kuumaliza. Kwenye rivasi haijabadilisha kitu. Kila moja kati ya hizo tatu ina sababu yake, na ndiyo inayofaa kujulikana kabla hujafungua mkoba. Wapo wengi wanaotia oili nzuri kwenye giaboksi ambayo ugonjwa wake uko kwenye klachi, halafu lawama zote wanaishushia chupa.

Gari yenyewe ni ndogo, inavuta mbele, gia tano za mkono, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) imo ndani ya giaboksi na zote zinatumia oili moja, lita 1.9. Nilichotia ni sintetiki kamili, 75W-90, yenye API GL-4, yaani daraja la oili ya gia, nyuma ya chupa. Chupa mbili za lita moja zinatosha na kinabaki kidogo. Sitaji kampuni kwa sababu kwenye kazi hii maandishi madogo ya nyuma yana uzito kuliko nembo ya mbele, na hapo ndipo makosa mengi yanapofanyika.

Kati ya gia na gia kuna ringi ya shaba ya sinkronaiza, kifaa cha kulinganisha kasi za gia. Upande wake wa ndani una mifereji myembamba kama nyuzi za skrubu. Ukisukuma mkono wa gia, ringi inabanwa kwenye koni ya chuma, mifereji inaukata utando wa oili, shaba inashika koni, kasi mbili zinalingana, ndipo meno yanapoingia. Kumbe basi oili hii imepewa kazi mbili zinazovutana: iyalinde meno na beringi, lakini iipishe ringi ishike. Ikiwa nzito mno, mifereji inachelewa kuikata na mkono wa gia unagoma mlangoni, hasa injini ikiwa baridi. Ikiwa telezi mno, ringi inateleza badala ya kushika, meno yanakutana kasi hazijalingana, nawe unasikia krrr.

Ndiyo maana GL-5 si "GL-4 iliyoboreshwa", ingawa muuzaji atakuapia. GL-5 ilikusudiwa meno ya difu ya nyuma ya haipoidi, yaani yaliyopinda, yanayosagana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa, kwa hiyo hubeba kemikali za salfa na fosforasi nyingi zaidi, kwa kawaida takriban mara mbili ya GL-4. Kemikali hizo, joto likipanda, zinaweza kuila shaba polepole, na kabla ya hapo huenda zikaifanya ringi iteleze. Giaboksi ya injini iliyolala kimlalo mbele haina haipoidi, haihitaji ulinzi huo. Ila zipo gari zisizoifuata sheria hii. Giaboksi za mkono za Subaru zinachangia oili na difu ya mbele ya haipoidi, hivyo zinataka GL-5. Baadhi ya Toyota ndogo kitabu chake kinakubali zote mbili. Kitabu cha gari ndicho hakimu, si fundi, wala si mimi. Chupa iliyoandikwa "GL-4/GL-5" kwa pamoja ichukulie kuwa ni GL-5, mpaka mtengenezaji aseme wazi kwamba ni salama kwa sinkronaiza.

Namba za uzito nazo zinadanganya macho. Vipimo vya oili ya gia na vya oili ya injini ni rula mbili tofauti. Oili ya gia ya 90, kwenye nyuzi joto 100, ina mnato wa 13.5 hadi 18.5 senti-stoki, oili ya injini ya 40 ina 12.5 hadi 16.3. Yaani zikipata moto ni kama majirani. Kwa hiyo 75W-90 si uji mzito kama jina linavyotisha, na kinachoamua asubuhi ni ile 75W, namba ya baridi, sio 90, namba ya moto. Aliyekuwa na 80W-90 ya kawaida akahamia 75W-90 ya sintetiki ataiona tofauti palepale gari ikiwa baridi. Mchana, kila kitu kikiwa na moto, huenda asihisi lolote. Kuna giaboksi zinazotaka nyepesi zaidi, 75W-80 au hata ATF, ile nyekundu ya gia za otomatiki, na Honda wana MTF, oili yao ya gia za mkono. Kumwagia 90 giaboksi iliyoundwa kwa ATF ni kununua ugumu kwa pesa yako.

Kabla ya kushika spana, fanya majaribio. Zima injini, pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Zikiingia laini gari ikiwa imezimwa lakini zikagoma ikinguruma, tazama klachi. Zikiwa ngumu hata gari ikiwa imezimwa, tazama waya za gia na bushi za mkono wa gia; bushi ya plastiki iliyokufa hufanya gia iwe kama unakoroga ugali. Kisha washa, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka tano, tia rivasi. Giaboksi nyingi hazina sinkronaiza ya rivasi, na zile sekunde tano zinaipa shafti muda wa kusimama. Ikikwaruza bado, klachi haiachii kikamilifu: kuna hewa kwenye mfumo, pampu ya klachi ya juu au ya chini inavujisha ndani, au waya umelegea. Kwenye gari hii rivasi ilikwaruza hata baada ya kusubiri, ikakwaruza vilevile baada ya oili, na hapo oili haina kosa.

Dalili zinazoelekea kwenye oili kweli ni chache. Gia ngumu dakika kumi za kwanza kisha zinalainika. Namba mbili inayotaka kusukumwa kwa hatua mbili asubuhi. Au ugumu uliokuja taratibu gari ilipopita kilomita 80,000 bila kubadilishiwa. Gia inayochomoka yenyewe ukiachia mafuta si ya oili. Mlio wa kunguruma kwenye nyutro unaopotea ukikanyaga klachi ni beringi, mara nyingi ya shafti ya kuingilia, na oili mpya itauficha wiki mbili tatu tu.

Sasa kazi. Endesha dakika 10 hadi 15 ili oili ipate uvuguvugu na ibebe uchafu, lakini isiwe ya kuunguza mkono. Gari lazima ikae usawa: shimo la gereji, au stendi nne. Ukiinua mbele peke yake utapima uongo, maana kipimo ni ukingo wa tundu la kujazia.

Fungua nati ya kujazia kwanza. Kwanza kabisa, kabla ya ile ya kumwagia. Nati ya kujazia hukaa miaka bila kuguswa, inaoza kwa kutu kwenye aluminiamu, na ukishamwaga oili ndipo ukagundua haifunguki, gari hiyo haitembei. Hapa ni soketi ya 24, ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili huzila kona za nati ikiwa ngumu. Isugue kwa brashi ya waya, ipulizie mafuta ya kulegezea kutu, iache usiku kucha, kisha mpini mrefu. Na uhakikishe ndiyo nati yenyewe. Karibu yake huweza kuwepo bolti zinazofunika mpira mdogo wa chuma na springi vinavyoshikilia gia mahali pake. Ukifungua hiyo vitadondoka, na unaweza kubaki unatafuta kimpira kwenye vumbi.

Fungua ya kumwagia, acha itiririke, halafu matone, dakika 20 hivi. Mchirizi wa mwisho nao ni oili chakavu, watu wenye haraka wanaiacha humo. Ile iliyotoka hapa ilikuwa ya kijivu-nyeusi, harufu ya salfa ile inayong'ang'ania vidole siku mbili, na ilipokingwa kwenye chombo chenye alama ilipimika lita 1.6. Yaani zilikosekana mililita 300. Uvujaji mdogo kwenye sili ya shafti ya gurudumu la kushoto ulikuwa umeonekana kwa unyevu wenye vumbi, na hiyo ndiyo hesabu yake. Upungufu wa namna hii kwa giaboksi nyingi za kuvuta mbele huiumiza namba tano kwanza, kwa sababu mara nyingi inakaa mwishoni kabisa, upande usiofikiwa vizuri na oili inayorushwa na difu.

Nati ya kumwagia ina sumaku. Itazame kwa taa kabla ya kuifuta. Tope laini la kijivu kama unga wa penseli uliolowa, ukilisugua kwa vidole halikwaruzi, huo ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyovihisi kwa ncha ya kidole, au kimeno kizima, ni habari nyingine. Sumaku haishiki shaba, kwa hiyo ringi zinazoisha utaziona kwenye oili yenyewe: mimina kidogo kwenye kifuniko cheupe, ielekeze kwenye jua, tafuta vimetameta vya rangi ya dhahabu. Hapa vilikuwepo, vichache, na namba tatu ndiyo mshukiwa.

Weka washa mpya, ile ringi bapa ya chini ya nati, ya aluminiamu au shaba kama ilivyokuwa. Ya zamani imeshabanwa na haitabanika tena, ndiyo chanzo cha tone linalotokea kesho yake. Kaza kwa spana ya torki. Gari hii inataka Nm 39, na si mchezo, mwili wa giaboksi ni aluminiamu na nyuzi zake zikiliwa utatafuta fundi wa kuchomelea.

Kujaza ndiyo sehemu ya kuchosha. Tundu liko ubavuni, chupa haiingii. Njia rahisi kuliko zote ni bomba la mpira la mita moja na faneli, uushushe kutoka chumba cha injini mpaka kwenye tundu, oili ishuke kwa uzito wake. Asubuhi ya baridi inashuka kama asali; tumbukiza chupa kwenye maji ya moto dakika kumi kwanza. Bomba la sindano la mililita 200 nalo linafaa, ila ni safari kumi. Mpira usizibe tundu zima, vinginevyo oili itarudi nje ukadhani imejaa baada ya lita moja. Imejaa pale inapoanza kuchuruzika uzi mwembamba ukingoni, na ukiingiza kidole na kukikunja chini unagusa oili mara moja. Acha uzi ukatike, funga. Zingatia kwamba giaboksi chache zina usawa ulio chini ya tundu, hizo hupimwa kwa ujazo tu. Na kuzidisha si ukarimu: oili inachapwa povu, inatoka kwenye tundu la kupumulia au inasukuma sili ya shafti ya kuingilia, na huko nyuma yake iko klachi.

Usisuuze kwa dizeli wala petroli. Hutamwaga yote, itabaki kwenye beringi. Viongezi vya chupa ndogo vinavyoahidi "gia laini" sikutia na sishauri. Oili inayofaa giaboksi yako tayari inaiacha ringi ishike, ukiitilia utelezi unaiharibu.

Siku ya kwanza tofauti ilikuwa ndogo, ya kuhisi tu mkononi. Siku zilizofuata ikakua kidogo kidogo, na baada ya kama kilomita 300 namba mbili asubuhi iliingia kwa msukumo mmoja. Namba tatu haikwaruzi tena ukibadilisha taratibu, bali ukiipandisha kwa haraka injini ikipita mizunguko 4,000 bado inalalama. Hiyo ni ringi iliyokwisha, na dawa yake ni kufungua giaboksi, si chupa ya tatu.

Oili yenyewe naipa nne kati ya tano. Nne, kwa sababu kasha lake halina mdomo mrefu, na gereji nyingi hazina pampu. Kama hufanyi mwenyewe, simama karibu: waone wakifungua ya kujazia kwanza, chupa ifunguliwe mbele yako, washa zilizotoka ziwe mkononi mwako. Wakikuambia oili ya giaboksi "ni ya maisha", uliza maisha ya nani. Mimi nabadilisha kila kilomita 60,000, na kwa gari ya mizigo au ya misururu ya jiji ningeshusha mpaka 40,000.

Baada ya siku mbili ingia chini tena na kipande cha karatasi, futa chini ya nati zote mbili na sili za shafti. Karatasi ikitoka na alama ya mafuta kwenye nati, kwanza angalia washa kabla ya kuongeza nguvu ya kukaza.