Kit ya giaboksi ya Hilux: nimefungua mwenyewe, haya ndo niliyokutana nayo

Nianze na hela maana ndo swali la kwanza kila mtu ananiuliza. Fundi alitaka laki 2 na nusu ya ufundi tu, spea juu yangu. Giaboksi ya mtumba ya Japan pale Ilala niliambiwa 1,400,000, nikabembeleza ikashuka mpaka 1,250,000 na garanti ya wiki moja, wiki moja jamani, na hujui ndani kukoje maana huruhusiwi kuifungua. Kit ya ovahoo, yaani pakiti ya spea za ndani za kufufua giaboksi uliyonayo, ilikuwa 380,000. Mimi na akili zangu nikapiga hesabu ya haraka haraka nikaona nikinunua kit nikafungua mwenyewe nimeshaokoa laki 2 na nusu. Haikuwa hivyo, ila pia sijutii sana, ngoja niwaeleze.

Gari ni Hilux ya zamani, foo wili, injini 3L ile dizeli ya 2.8, giaboksi ya gia 5 ya mkono, familia ya G. Kama hujui yako ni ipi fungua boneti utafute kile kibati cha Toyota, kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE, herufi za mwanzo pale ndo giaboksi yako. Ukienda dukani ukasema tu nipe kit ya Hilux utapewa yoyote iliyopo shelfu ya karibu. Gari langu linabeba matofali, mchanga, mabati, na siku ikiwa nzuri ukitoa mafuta na dogo wa kupakia inabaki kama 60,000. Ikumbukeni hiyo namba, nitairudia.

Magonjwa yalikuwa mawili. Gia namba 2 ilikuwa inakwaruza, hasa ukitoka 3 unarudi 2 kwenye kilima na mzigo mgongoni, kelele ile mpaka abiria anakunja uso. Pili kulikuwa na mvumo gari likiwa nyutro, ukikanyaga klachi mvumo unapotea, ukiachia unarudi.

Kabla sijanunua kitu nilipita kwa mzee mmoja fundi wa siku nyingi maeneo ya Buguruni, yeye siku hizi hashushi tena giaboksi, mgongo umekataa, anakaa tu kwenye kiti anaelekeza vijana. Nikamwamkia, nikamwambia mzee nataka kufungua mwenyewe. Akacheka. Akasema washa, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka sita, weka rivasi. Ikaingia kimya. Akasema basi klachi yako inaachia vizuri, maana rivasi haina sinkronaiza, ile pete ya shaba inayolinganisha mwendo kabla gia haijaingia, klachi ingekuwa inaburuza ingepiga kelele hapo hapo, sasa tatizo ni la gia 2 peke yake, hiyo ni sinkronaiza. Na ule mvumo unaokufa ukikanyaga klachi akasema ni beringi za ndani, ya inputi shafti, ile inayopokea mzunguko wa injini, au za shafti ya chini, kwa sababu ukikanyaga shafti zinasimama. Ingekuwa kinyume, kelele inakuja ukikanyaga, hapo ungekuwa unanunua rilizi beringi tu, ile ya kusukuma klachi, na giaboksi haina kosa lolote. Dakika 10, hakutaka hata hela ya soda. Kuna watu wanashusha giaboksi nzima kumbe tatizo ni silinda ya klachi inavuja.

Kisha akasema mwaga oili uangalie. Nyinyi mtakaofanya hivi, tafadhali sana, legeza kwanza nati ya kujazia ile ya pembeni ndo ufungue ya chini, maana ukimwaga halafu ya juu ikagoma kufunguka umebaki na gari halina oili na huna pa kuijazia. Kwenye sumaku ya nati ya chini kulikuwa na uji wa kijivu, huo ni wa kawaida kwa gari la umri huu, hakukuwa na vipande vya meno. Ila oili yenyewe nilipoiweka kwenye beseni nyeupe juani ilikuwa inameremeta dhahabu, kama ile rangi ya kucha ya wadada. Hiyo ni shaba ya sinkronaiza inasagika. Kama ningekuta vipande vya chuma kama magamba ya samaki ningeenda Ilala kuchukua mtumba siku hiyo hiyo, kwa sababu gia zenyewe zikishang'oka meno kit haikusaidii, kit haina gia.

Sasa kit yenyewe, maana ndo nimekuja kuielezea. Ndani kuna beringi 4, sinkronaiza 3, sili, gasketi na pakiti ya sakilipu, zile pete za chuma za kuzuia beringi na gia zisitoke kwenye shafti. Beringi sina neno, zilikuwa Koyo na NSK, zinazunguka laini, namba zimechongwa vizuri, nikalinganisha na za zamani nilizotoa, namba zile zile. Sili nzuri. Sakilipu hapa ndo walinikosesha raha, giaboksi hizi sakilipu zake zinakuja kwa unene tofauti tofauti, unachagua ile inayoziba nafasi mpaka shafti isiwe na mchezo, kit ina saizi moja moja tu. Nilirudishia mbili za zamani kwa sababu ndo zilizokaa sawa.

Sinkronaiza ndo kesi. Zilikuja kwenye kimfuko cha nailoni hazina jina wala namba. Kwa macho ni nzuri, zinang'aa, ungezivaa kama bangili. Mzee alikuwa amenifundisha namna ya kupima, unaichukua pete unaivalisha kwenye koni ya gia yake, unapaka oili kidogo, unaibana kwa mkono huku unaizungusha, inatakiwa ing'ang'anie. Halafu unachukua fila, vile vibati vyembamba vya kupimia valvu, unapitisha kwenye pengo kati ya pete na meno ya gia. Kitabu cha ufundi kinasema pengo lisipungue 0.8mm. Ya zamani ya gia 2 ilikuwa 0.4, yaani imeisha kabisa imelala kwenye gia. Nikapima mpya. Ya kwanza 1.2, safi. Ya pili 0.7. Nikafuta, nikapima tena, 0.7. Ya tatu 0.7 na ukiibana inateleza kama sabuni. Pete mpya kabisa imetoka kwenye nailoni tayari ni mzee!

Nikapanda boda mpaka dukani, nimebeba na gia yenyewe kwenye mfuko wa rambo. Muuzaji akaanza "bro hizi tunauza kila siku hakuna aliyelalamika", nikamwambia sawa, nikamvalishia pale pale kwenye kaunta nikampa fila apime mwenyewe. Akanyamaza. Akaingia ndani akarudi na mbili za kwenye boksi, moja moja, nikaongeza 110,000 juu. Kwahiyo duka halikunitupa, hilo niseme ukweli, ila bila kupima ningefunga ile takataka na baada ya miezi miwili ningekuwa nalaani giaboksi za Toyota. Na hapa ndo nikaelewa kitu, yule fundi wa laki 2 na nusu anashusha leo anapandisha kesho, sidhani kama angepima. Pengine angepima. Mimi sijawahi kumwona fundi yeyote kijiweni na fila mkononi zaidi ya siku ya kuseti valvu.

Kushusha sitaeleza sana, ni kazi ya nguvu. Propela zote mbili, waya za betri, silinda ndogo ya klachi unaifunga pembeni kwa kamba usiiache inaning'inia, fremu ya katikati, na kwa sababu ni foo wili kuna transfa nyuma, lile boksi la kugawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma, mzigo wote ule si wa watu wawili na maombi. Nilikodi jeki ya giaboksi 15,000 kwa siku. Stendi za chuma chini ya gari, hata mimi ninayelala na matofali uani sikuyatumia, tofali la saruji linapasuka bila kuaga.

Kupasua ndo kutamu. Ukishatoa kava la mbele na vyumba vyake unabaki na bamba moja la katikati limeshika shafti zote kama mshikaki. Niliibana kwenye vaisi nikapiga picha kila hatua, picha kama 140 hivi. Kuna vizibo vya pembeni vinafunguliwa na biti ya nyota T40, nyuma yake kuna springi na goroli, ndo zinazofanya ukiweka gia usikie ile "tak" mkononi. Nilifungua kizibo cha kwanza kwa heshima. Cha pili dogo akaniita, nikageuka, goroli ikaenda zake. Tulitafuta saa nzima kwenye mchanga, mwisho dogo akaleta sumaku ya spika mbovu akaiburuta chini kama anayevua, akaipata karibu na banda la kuku. Tandikeni shuka kuukuu chini, hilo tu.

Beringi za zamani sikugonga kwa nyundo, nilipeleka shafti Gerezani kwa mwenye presi, 20,000 zote kutoa na kuingiza.

Kosa kubwa nililofanya lilikuwa kwenye kufunga. Kati ya zile fito zinazobeba uma za gia kuna vipini vidogo, vifupi kama mbegu ya ubuyu, kazi yake ni kuzuia gia mbili zisiingie kwa pamoja. Mimi nilifunga kimoja kikabaki kwenye kifuniko cha chai, sikukiona. Bahati yangu kabla ya kupandisha nikajaribu mezani, unaweka gia unazungusha inputi shafti kwa mkono, moja, mbili, tatu, nne, tano, rivasi, unaangalia nyuma inazungukaje. Kwenye kucheza nayo ikaingia 1 na 3 kwa pamoja, ikakaza tii, haizunguki mbele wala nyuma. Fikiria hiyo ikukute uko Kimara kwenye mteremko. Nikafungua upya, masaa 6 yamekwenda, mke wangu akatoka akaangalia, hakusema kitu, akarudi ndani. Hiyo ndo mbaya zaidi.

Kupandisha nako kulinila masaa mawili kwa sababu klachi pleti haikuwa katikati. Unaona giaboksi imebaki sentimita moja kufika na mtu anakuambia vuta na bolti, usivute, utavunja sikio la giaboksi. Nilirudisha nyuma, nikachonga kipande cha mti cha kuiweka pleti katikati, ikaingia yenyewe kama mlango wa friji. Nikiwa hapo hapo nimebadili rilizi beringi 35,000 na sili ya nyuma ya injini 15,000, kwa sababu siendi kushusha ule mzigo tena kwa ajili ya sili. Oili nimeweka 75W-90 ya GL-4, 75,000. Dukani watakusukumia GL-5 ya difu, ina dawa nyingi zaidi kwa ajili ya gia za difu na baadhi yake haipatani na shaba, mimi sikutaka kubahatisha na sinkronaiza za 110,000.

Haya hesabu. Kit 380,000, nyongeza ya sinkronaiza 110,000, oili 75,000, rilizi na sili 50,000, jeki siku mbili 30,000, presi 20,000, koleo la sakilipu 18,000, silikoni 12,000. Jumla 695,000. Bado iko chini sana ya mtumba wa Ilala. Ila gari lililala siku 11, toa Jumapili mbili ni siku 9 za kazi, fundi angelilaza siku 2. Siku 7 za ziada mara 60,000 ni 420,000. Nimeokoa 250,000 ya ufundi nimepoteza 420,000 ya matofali. Wateja wawili wamehamia kwa jirani na mmoja hajarudi mpaka leo.

Kwahiyo kit naipa nyota 3 kati ya 5, beringi zimeibeba, sinkronaiza zimeiangusha. Ningekuwa naanza upya ningenunua beringi na sinkronaiza moja moja kwa namba, isingezidi sana bei na nisingepoteza siku mbili za kwenda na kurudi. Na kufanya mwenyewe, kama gari ni la kutembelea na una lingine au daladala iko karibu, fanya, utajua gari lako. Kama ndo linaleta ugali mpe fundi, ila spea nunua mwenyewe, pima mwenyewe, na siku anafunga ukae pale pale na fila yako hata akununie.

Nazungumzia gia za mkono tu. Jirani yangu kasikia mambo haya kaja na gari lake la CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, anataka tufungue weekendi, nikamwambia kaka, ile ndani ina mkanda wa chuma na puli mbili na mabomba ya oili kama mishipa ya mtu, mimi na shuka langu kuukuu hatugusi, abadilishe oili yake sahihi ya CVT aone kwanza.

Sasa ni mwezi wa nne tangu nifunge. Gia 2 inaingia kwa vidole viwili hata na tripu ya mchanga, mvumo hakuna. Kuna kitone cha oili kwenye maungio ya giaboksi na transfa, naweka boksi chini usiku na asubuhi nakuta alama kama ya sarafu ya mia mbili. Nadhani pale silikoni niliipaka haraka haraka, giza lilikuwa linaingia. Jumapili nalala tena chini yake.