Filamu za mabaharia wa Pasifiki: ipi ya kuanza nayo

Filamu za aina hii nina kipimo kimoja cha kuzipimia: ikiisha, je, mtazamaji amejua rubani, yaani mwongoza chombo baharini, anajuaje alipo? Nyingi zinashindwa hapo. Zinamwonyesha mzee akitazama mbali, muziki unapanda, kisiwa kinatokea. Picha nzuri, lakini kazi yenyewe haijaonekana. Kwa kipimo hicho naiweka mbele The Navigators: Pathfinders of the Pacific ya Sam Low, iliyotoka mwaka 1983.

Mhusika wake mkuu ni Mau Piailug (1932–2010) wa Satawal, kisiwa kidogo cha Mikronesia. Kipande cha kurudia mara mbili ni kile cha mafunzo, ambapo mawe yamepangwa duara chini kuwa dira ya nyota. Dira hiyo ina pointi 32, na kila pointi ni mahali ambapo nyota fulani huchomoza au kutua. Nyota hutumika ikiwa chini tu, karibu na bahari. Ikishapanda sana huachwa, ikachukuliwa inayoifuata kuchomoza palepale, hivyo usiku mmoja unahitaji mfululizo wa nyota na si nyota moja. Mashariki ya dira hii ni Altair, nyota inayopita karibu na utosi wa mtu aliyeko Satawal, kwa kuwa kisiwa kiko kama nyuzi 7 kaskazini ya ikweta.

Ukiionyesha darasani au kwenye klabu, simamisha filamu hapo na mpange mawe 32 yenu, nyuzi 11 na robo kutoka jiwe hadi jiwe. Kosa linalotokea mwambao wetu ni kuanza na Nyota ya Kaskazini kwa sababu vitabu vinasema hivyo. Kutoka Zanzibar au Dar es Salaam haionekani kabisa. Iko chini ya upeo wa bahari. Anza na nyota tatu za mkanda wa Orioni, ambazo huchomoza karibu mashariki kamili na kutua karibu magharibi kamili. Kilimia kitaangukia jiwe la pili kaskazini ya hapo. Ukiwa na pointi hizo mbili za uhakika, duara lote linapangika.

Jambo gumu zaidi ni etak, hesabu ya umbali uliosafiriwa. Rubani huchagua kisiwa cha tatu kilicho kando ya njia, kisichoonekana, na kichwani mwake chombo kimesimama huku visiwa vikirudi nyuma. Kisiwa kile cha kando kinahama kutoka chini ya nyota moja ya dira kwenda chini ya nyingine, na kila kuhama ni hatua moja ya safari. Watazamaji karibu wote hupotea hapa, kwa sababu tumezoea ramani inayotazamwa kutoka juu. Weka kokoto moja kando ya duara iwe kisiwa cha tatu, uisogeze nyuma kidogo kidogo huku ngalawa ya karatasi ikibaki katikati. Dakika tano zinatosha, na faida yake inazidi kuirudia filamu nzima.

Tahadhari mbili: maelezo ni ya Kiingereza, basi awepo mtu wa kufasiri na mpumzike kila baada ya dakika kumi hivi. Tena ni filamu ya zamani, picha ina chembechembe, na chumba kikiwa na mwanga mawe hayaonekani. Fungeni mapazia.

Ya pili ni Papa Mau: The Wayfinder ya Na'alehu Anthony, mwaka 2010. Hii ina moyo mkubwa na ufundi kidogo. Inaeleza jinsi Mau alivyowasaidia Wahawaii kurudisha elimu iliyokuwa imepotea kwao. Mwaka 1976 aliongoza Hōkūleʻa, chombo cha mitumbwi miwili sambamba chenye urefu wa kama mita 19, kutoka kisiwa cha Maui, Hawaii, hadi Papeete, Tahiti: kiliondoka tarehe 1 Mei kikafika tarehe 4 Juni, bila chombo chochote cha kupimia njia. Mabaharia waligombana njiani, na Mau akarudi kwao kutoka Tahiti bila kusafiri nao tena. Mwaka 1978 chombo kilipinduka. Eddie Aikau, mmoja wa mabaharia wake, aliondoka na ubao wake wa kuteleza kwenye mawimbi kwenda kutafuta msaada na hakuonekana tena. Baada ya msiba huo Mau alikubali kurudi kumfundisha Nainoa Thompson, baharia wa Kihawaii, ambaye mwaka 1980 alifika Tahiti kwa nyota na mawimbi. Ukiijua historia hii kabla, filamu inakugusa zaidi.

Kitu cha kuwaeleza watazamaji kando ni upepo. Tahiti iko kusini, lakini pia iko mashariki ya Hawaii kwa nyuzi 7 au 8, na upepo wa kudumu wa bahari ile unatoka mashariki. Rubani anayeteremka moja kwa moja kusini husukumwa magharibi na kukikosa kisiwa. Kwa hiyo lazima avute joshini, yaani upande upepo unakotoka, tangu siku za mwanzo. Nahodha yeyote wa jahazi anayeujua kusi na kaskazi atalielewa hilo mara moja, na ndiyo sababu naona watu wa mwambao wanaweza kuzifaidi filamu hizi kuliko wengi.

Watoto wapewe Moana ya Disney (2016). Hadithi yake imejengwa juu ya swali la kweli: Tonga na Samoa zilikaliwa kama miaka 2,800 iliyopita, lakini visiwa vya mashariki vikafikiwa zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Kwa nini walisimama? Filamu inatoa jibu la ngano. Wataalamu bado wanabishana kuhusu pepo na aina ya vyombo. Pale Maui, nusu-mungu wa hadithi hiyo na si kile kisiwa, anapomrekebisha Moana mkono wa kupimia nyota, wafundishe watoto kupima kweli. Mkono unyooshwe, ngumi juu ya ngumi kutoka upeo wa bahari hadi utosini. Zikienea tisa, ngumi ni nyuzi 10. Zikienea nane, ni nyuzi 11 na robo, sawasawa na jiwe moja la dira. Kila mtoto ana hesabu yake, wasiazimane. Kuna pia matoleo ya Kimaori, Kitahiti na Kihawaii, na kwa waliokwisha kuijua hadithi, napendekeza la Kimaori.

Kon-Tiki ya Mnorwe Thor Heyerdahl, iliyopata Oscar kwa filamu za kumbukumbu, iwe ya mwisho. Chelezo cha magogo tisa ya balsa, watu sita, siku 101 kutoka Callao, Peru, hadi mwamba wa Raroia, huko Polinesia, tarehe 7 Agosti 1947: ni ushujaa, sibishi. Shida ni nadharia yake, kwamba Polinesia ilikaliwa na watu waliotoka Amerika ya Kusini. Lugha, vyungu vya kale na vinasaba vinaonyesha asili yao ni magharibi, kupitia visiwa vya Kusini-Mashariki ya Asia. Kimalagasi ni cha ukoo huohuo wa lugha, na wataalamu wengi wanaihusisha ngalawa yetu yenye matengo, zile mbao za kando zinazoizuia isipinduke, na safari za watu hao. Ikitangulia Kon-Tiki, watazamaji hubaki wakiamini kwamba bahari iliwabeba tu. Waelekeze pia watazame mbao zilizochomekwa wima kati ya magogo. Mabaharia wale walizifunga zikakaa palepale, na miaka michache baadaye Heyerdahl mwenyewe alijaribu huko Ekwado akaona kwamba kuzipandisha na kuzishusha, omoni (mbele) na tezini (nyuma), ndiko kunakokiongoza chelezo, hata kubisha upepo.