MariaDB Galera katika duka la vipuri la Kisumu: tathmini baada ya mwaka mzima

Duka ninalolihudumia liko Kisumu, upande wa Kondele, na huuza vipuri vya pikipiki kwa njia ya mtandao kwa mafundi na waendesha boda boda wa kuanzia Siaya na Busia hadi Kakamega na Kisii. Mteja huchagua cheni, plagi au kabureta, hulipa kwa M-Pesa, na mzigo wake hupandishwa matatu ya jioni. Kwa miaka minne hifadhidata ya duka hili ilikaa katika seva moja ya kukodi iliyoendesha programu ya hifadhidata iitwayo MySQL 8.0, na seva hiyo ilipozimika kila kitu kilizimika nayo.

Mauzo yaliyopotea wakati wa kuzimika yalituuma, lakini jambo lililotuamua kuhama lilikuwa jingine. Mteja akishaweka namba yake ya siri kwenye simu, pesa hutoka papo hapo, kisha mfumo wa malipo hutuma taarifa kwenye anwani ya duka ili oda iandikwe kuwa imelipwa. Ikiwa hifadhidata imekufa wakati huo, taarifa hufika na kukosa pa kuandikwa: pesa ziko kwetu, mteja ana ujumbe wa kuthibitisha malipo, ilhali duka linasema oda haijalipwa. Jioni moja ya mwisho wa mwezi seva ililala kwa muda wa saa tatu hivi, na siku iliyofuata tuliimaliza tukilinganisha jumbe za simu na orodha ya oda, mstari kwa mstari, huku simu za wateja wenye hasira zikiita bila kukoma.

Tuliyoichagua ni MariaDB toleo la 10.11, pamoja na Galera, inayoziunganisha mashine kadhaa zifanye kazi kama hifadhidata moja, katika mashine tatu. Kwa asiyeijua, MariaDB ilichipuka kutoka MySQL mwaka 2009, wakati Oracle ilipokuwa ikijiandaa kumiliki MySQL na Michael Widenius, mwanzilishi mmojawapo, akaamua kuendelea na tawi lake mwenyewe. Majina yote mawili yanatokana na binti zake, My na Maria. Galera ni kazi ya kampuni ya Codership ya Ufini, na katika toleo la 10.1 la mwaka 2015 ilianza kuja ndani ya MariaDB yenyewe. Zote mbili ni programu huria, kwa hiyo kwa matumizi kama yetu hakuna leseni ya kulipia.

Utendaji wake ni rahisi kuueleza kwa neno ambalo kila Mkenya amelisikia bungeni: akidi. Kila mashine ina nakala nzima ya data, na muamala hauthibitishwi kwa mteja mpaka mabadiliko yake yatumwe kwa wanachama wote na kukaguliwa kwa mpangilio uleule kwamba hayagongani na mengine. Mashine moja ikifa, mbili zilizobaki ni wengi kati ya tatu, nazo huendelea na kazi. Zikikatika mbili kwa ghafla, ile iliyobaki hukataa kuhudumia hata kama ni nzima kabisa. Mwenye duka aliliona hili kuwa ukaidi, na ilinibidi nimweleze kwamba mashine iliyobaki peke yake haiwezi kujua kama wenzake wamekufa au ni mtandao tu uliokatika kati yao. Kama pande mbili zingeruhusiwa kuuza kila moja kivyake, kabureta ya mwisho ingeuzwa kwa fundi wa Siaya na kwa fundi wa Busia, nasi tungebaki na oda mbili zilizolipwa na kipuri kimoja.

Mbele ya mashine hizo tuliweka HAProxy, programu inayoyaelekeza maombi kwa mashine zilizo hai, ambayo ukaguzi ukiwashwa, kwa mipangilio yake ya awali huikagua kila mashine kila baada ya sekunde 2 na kuiondoa ikishindwa mara 3 mfululizo. Tulijaribu kwa kuzima mashine moja mchana kweupe, duka likiwa na wateja. Kurasa zilisita kwa sekunde chache, kisha zikaendelea, na malipo yaliyoingia wakati huo yote yaliandikwa. Kwa jambo hilo pekee ningeipa nyota tano. Zinazopungua ni kwa sababu ya yale ninayoyaeleza hapa chini.

Kuhama kwenyewe kulichukua usiku mmoja wa Jumapili, kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja alfajiri, na saa moja nzima ililiwa na jambo dogo. MySQL 8.0 hupanga maandishi kwa kanuni iitwayo utf8mb4_0900_ai_ci, ambayo MariaDB 10.11 haiijui, hivyo faili ya data ilikataliwa katika jedwali la kwanza kabisa. Tulibadilisha jina hilo kote ndani ya faili na kuanza upya. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshapata majedwali mawili ya zamani, yaliyoachwa na programu-jalizi ya vocha, ambayo hayakuwa ya InnoDB, mtindo wa kuhifadhi data unaokubali miamala, wala hayakuwa na ufunguo msingi, yaani safu inayoutambulisha kila mstari. Galera hudai yote mawili. Anayekusudia kuhama ayatafute majedwali ya aina hiyo wiki moja kabla, mchana, akiwa ameshiba.

Kosa letu kubwa lilikuwa mahali tulipoiweka mashine ya tatu. Mbili zilikuwa katika kituo cha data Nairobi, na ya tatu tuliiweka dukani, Kisumu, kwa hoja ambayo wakati ule ilionekana ya busara: tuwe na data yetu chini ya paa letu. Sikuwa nimefikiri sawasawa maana ya kila muamala kusubiri mabadiliko yafike kwa wote. Galera hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma. Kila mteja aliyebonyeza kitufe cha kulipa, awe Homa Bay au Eldoret, alisubiri habari zisafiri kutoka Nairobi hadi Kondele na kurudi kupitia intaneti ileile ambayo vijana wa stoo walikuwa wakitazamia mpira. Mbaya zaidi, mwanachama akilemewa na foleni ya mabadiliko, huwaomba wenzake wasimame kidogo ili aifikie safari, na wao husimama. Duka lililokuwa na seva moja ya kasi likawa duka la seva tatu za polepole.

Stima nayo ilifanya yake. Dukani umeme ukikatika, mashine ya Kisumu ilitoka katika kundi, na uliporudi iliomba yaliyompita. Kutokuwepo kwa muda mfupi si tatizo, kwa sababu wenzake huhifadhi mabadiliko ya karibuni katika nafasi ambayo kwa kawaida ni MB 128; yakizidi hapo, anayerudi hupewa nakala nzima upya. Nakala nzima ya data yetu ni GB 9. Asubuhi moja nilikuta intaneti ya duka imejaa pomoni, mashine ya kulipia ya kaunta haifanyi kazi, na muuzaji ananitazama kama niliyemwibia. Tuliongeza nafasi hiyo hadi GB 2, kisha baada ya mwezi tukakubali ukweli, tukaitoa mashine ya Kisumu katika kundi na kuweka nyingine ya tatu Nairobi, katika jengo tofauti na lile la zile mbili. Kasi ilirudi siku hiyohiyo.

Jambo la pili lililotushtua ni namba za oda. Galera huzuia mashine tatu zisitoe namba moja kwa oda mbili kwa kuzifanya ziruke kulingana na idadi ya wanachama, hivyo baada ya oda 20411 ilifuata 20414, kisha 20417. Hakuna aliyetuonya, na mwenye duka, mama wa makamo aliyeanza biashara na kibanda karibu na soko la Kibuye na anayehesabu kila kitu, aliniita pembeni akauliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, hizi oda zilizorukwa zimekwenda wapi?” Nilimwonyesha, akaelewa, lakini aliniagiza nitenganishe namba ya ankara na namba ya hifadhidata, agizo ambalo kwa kweli lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Migongano ya miamala inahitaji uangalifu wa aina hiyo. Mashine mbili zikipokea kwa wakati mmoja mabadiliko ya mstari uleule wa stoo, moja hukubaliwa na nyingine hurudishiwa kosa namba 1213 mwishoni kabisa, pale ambapo programu nyingi za duka hudhani kazi imekwisha. Tulitumia njia ya woga: kazi zote za kuandika huelekezwa kwa mashine moja, nyingine mbili zikisubiri zamu. Kwa njia hiyo hatupati kasi ya ziada ya kuandika, na anayetarajia mashine tatu zimpe kasi mara tatu atavunjika moyo.

Lawama yangu nzito kwa Galera yenyewe ni namna inavyoamka baada ya wote kulala. Mashine zote tatu zikizimika, mara nyingi haziinuki zenyewe. Hapo ni lazima mtu aingie, atambue iliyokuwa na data ya mwisho kabisa, na aianzishe hiyo kwanza kwa amri ya galera_new_cluster. Ukianza na isiyo sahihi, oda za mwisho hupotea. Maelezo yapo na ni mazuri, ila mtu anayeyasoma kwa mara ya kwanza saa nane usiku hayafurahii.

Gharama ni mashine. Programu ni bure, lakini kodi ya seva tatu hulipwa kwa dola, na aliyelipa mwanzoni mwa 2024, dola ilipofika takriban shilingi 160, anajua uchungu wake. Duka la oda kumi kwa siku halihitaji haya. Seva moja, nakala moja inayoifuata nyuma na hifadhi ya kila usiku vinalitosha. Sisi tunapokea malipo usiku na mchana, na mahesabu yanakubali.

Kuna kosa moja ambalo mashine tatu hazikunisaidia, na niliyekosea ni mimi. Nilikuwa nabadilisha bei ya tairi moja nikasahau kuweka sharti la kuitaja tairi hiyo pekee, na kila bidhaa dukani ikawa shilingi 450. Galera iliupokea uharibifu huo kwa uaminifu uleule inaopokelea oda, na mashine zote tatu zikakubaliana juu yake mara moja. Kabla sijarudisha bei kutoka hifadhi ya usiku, fundi mmoja wa Migori alikuwa ameshaagiza matairi sita.

Ndipo mashine ya Kisumu ilipopata kazi yake. Imo dukani mpaka leo, nje ya kundi, inafuata zile za Nairobi kama nakala ya kawaida ambayo haimsubirishi mtu, na nimeipangia kwa makusudi ichelewe kwa saa moja, ili kosa kama lile langu lisiifikie papo hapo. Stima ikikatika, mteja hajui. Mhasibu huchota ripoti zake humo asubuhi, na yule fundi wa Migori alipewa matairi yake kwa bei aliyoiona.