Kibanda cha hotuba za marehemu stendi ya Nyegezi, hii huduma inastahili kusemwa

Hiki kibanda hakina bango wala jina ndo maana watu wengi wanakipita tu. Kiko stendi ya Nyegezi hapa Mwanza, upande wa magari ya Sengerema na Geita, katikati ya mama muuza chai na jamaa wa kusajili laini. Kwa nje utaona vocha, chaja, earphone na laptop moja ya zamani imefungwa mnyororo kwenye meza, utadhani ni wale wale wa kurusha nyimbo. Nyimbo anarusha kweli, ila kazi yake kubwa ni hotuba. Anakuwekea kwenye flashi au memori kadi sauti za watu wakubwa waliotutoka miaka hii ya karibuni, Mkapa, Maalim Seif, Magufuli, Membe, Lowassa, Mzee Mwinyi, Msuya, Ndugai, na sasa kaongeza Raila.

Mi naendesha Noah Mwanza - Sengerema, kwa hiyo flashi kwangu siyo pambo, inaongea kutwa nzima. Nimeshanunua flashi za hotuba sehemu nyingine mjini na shida ni ile ile, unapewa vipande. Magufuli anamtumbua mtu sekunde chache anakatwa, unaingia mdundo, halafu Mkapa nusu sentensi, halafu tangazo la dawa ya nguvu. Hujui alisemea wapi, hujui mwaka gani, hujui alikuwa anamjibu nani. Mtu kafa, kazi yake ya miaka yote imebaki kichekesho cha statasi. Hilo linaniuma, nasema kweli kabisa.

Huyu wa Nyegezi hafanyi hivyo. Ana kauntabuku kubwa ya kwaya tatu, kurasa zimepigwa mistari kwa rula, kaandika jina la msemaji, mahali, tarehe, dakika ngapi, na safu ya mwisho ni kaipata wapi, kama ni redioni, kama ni kwenye TV, kama ni mtu alirekodi kwa simu akiwa uwanjani. Safu ya tarehe ikiwa wazi hakuuzii. Nilikuwepo anamwambia mzee mmoja, "Mzee wangu hii ninayo, ila sijajua ni ya lini, nipe muda niitafute," mzee akaondoka bila kununua na jamaa akaendelea na kazi zake wala hakuonekana kusikitikia hela. Na jina la faili linafuata daftari, kwa hiyo kwenye kioo cha redio unasoma MAGUFULI KIGONGO DES 2019, siyo AUD halafu limstari la namba.

Kilichonifanya niandike hapa hasa ni hiki. Alikuja mama mmoja wa Buchosa na ndoo zake za dagaa, kashika simu, anataka awekewe sauti aliyotumiwa kwenye grupu la familia ili akamsikilizishe baba yake mgonjwa. Jamaa akaifungua tukasikiliza wote. Ni sauti ya Magufuli kabisa, anashukuru kwamba daraja la Kigongo - Busisi limefunguliwa. Jamaa akasimamisha akasema, "Mayu (mama kwa Kisukuma), huyu siyo yeye. Mzee alifariki tarehe 17 Machi 2021, daraja limefunguliwa 19 Juni 2025, atashukuru vipi?" Mama akauliza, "Lakini si sauti yake hiyo?" Akamwambia, "Sauti imetengenezwa na akili mnemba mayu, maneno siyo yake." Hakumcheka, hakumfanya ajisikie mjinga. Akamfungulia ile ya kweli ya Desemba 2019, siku ya jiwe la msingi la daraja, akamwekea bure kwa sababu ni ya mgonjwa. Mama akasema wabeja, yaani asante, akabeba ndoo zake. Kwa hapo tu mi nilishampa jamaa nyota zote, maana siku hizi klipu za kutengeneza zimejaa, na aliyekufa hawezi kusimama akasema mimi sikusema hayo. Lazima awepo mtu wa kumsemea.

Sasa niongelee flashi yenyewe. Ya Kigongo naiweka nikitoka Usagara nikikunja kulia, mpaka naingia darajani bado anaongea. Kilomita tatu za daraja juu ya maji, pale pale tulipokuwa tunakaa foleni ya kivuko mchana kutwa na wagonjwa wa hospitali ya Bugando ndani ya gari, unamsikia aliyelianzisha na hakuliona limeisha. Abiria wanaacha kuchati. Na huku kwetu siyo rais wa kwenye picha tu, alisoma Lake Sekondari hapa Mwanza, akafundisha Sengerema Sekondari, akawa mkemia pale chama cha ushirika cha Nyanza kabla hajaingia bungeni 1995. Kuna abiria wanakumbuka alivyoagwa Kirumba tarehe 24 Machi 2021, watu walivyojipanga barabarani wakitandika kanga na majani gari lipite, kabla hajazikwa Chato tarehe 26.

Lakini jamaa hajaweka matamu peke yake, na hapo ndo naheshimu kazi yake. Ile hotuba ya Magufuli ya Januari 2021 kule Chato, alipozitilia shaka chanjo za korona, ipo, yote, mwanzo mpaka mwisho. Kuna wateja wanamwambia itoe, anasema hatoi na hakati. Namuunga mkono. Tunasema marehemu hasemwi vibaya na mi nimelelewa hivyo hivyo, ila kumsikiliza mwenyewe kwa sauti yake siyo kumsema vibaya. Ukikata pale panapouma umebaki na mtu mwingine kabisa siyo yule uliyemzika.

Ya Mzee Mwinyi ndo nimeisikiliza kuliko zote. Alifariki 29 Februari 2024 akiwa na miaka 98, akazikwa Mangapwani kule Unguja, na redio zote wiki ile zilikuwa Mzee Rukhsa, Mzee Rukhsa, biashara huria, dawa ya meno madukani. Sawa, ni kweli, waliokuwepo miaka ya 80 wanajua kupanga foleni ya sabuni ni nini. Ila kwa sisi wa Kanda ya Ziwa kuna jambo kubwa zaidi na wengi wa umri wangu hawalijui. Miaka ya 70 akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola, huku Mwanza na Shinyanga, wakati wa ile operesheni ya kusaka wauaji. Yeye hakumshika mtu hata mmoja wala hakuwepo, na bado alijiuzulu kwa sababu ni wizara yake. Jamaa kwenye daftari chini ya jina la Mwinyi kaliandika hilo kwa peni nyekundu na anakueleza kabla hujasikiliza. Mi nilikuwa namjua kwa tabasamu na utani wake wa jukwaani, na ule msemo wake wa kila zama na kitabu chake. Siku ile nikamjua kwa heshima nyingine.

Lowassa ndo analeta kelele kwenye gari. Nikiweka tu, wa siti ya nyuma ataanza Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme, amejiuzulu uwaziri mkuu 2008, mara 2015 kahamia upinzani, mara karudi. Siku moja mzee wa Ngudu akamwambia kijana, "Ngosha, nyumbani kwenu Shinyanga mnakunywa maji ya wapi?" Kijana kimya. Maji ya kutoka Ziwa Victoria kwenda Shinyanga na Kahama yanavutwa Ihelele, Misungwi, na mradi ule ulisukumwa Lowassa akiwa Waziri wa Maji, kipindi ambacho kulikuwa na maneno mengi ya mkataba wa Nile wa 1929, Waingereza na Misri waliwekeana, na sisi tukasema hatuutambui. Leo yameenda mpaka Tabora. Mzee akasema yote mawili ni ya kwake, Richmond na maji, na gari zima likakubali. Hayo maongezi usingeyapata kwenye kipande cha sekunde arobaini.

Raila ni mpya kwenye orodha, alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025 akazikwa Bondo tarehe 19. Kuna watakaouliza Mkenya anatuhusu nini, nenda Rorya, kule Mara mpakani na Kenya, ukaulize. Ziwa ni moja, na Wajaluo wa Shirati waliweka msiba kama wa nyumbani. Yeye na Magufuli walikuwa marafiki tangu wote wakiwa mawaziri wa barabara, mpaka alishamtembelea Chato. Jamaa kaweka mikutano ya Raila ya Kiswahili, ile anatega vitendawili na kutangaza mpira jukwaani huku umati unaitikia, na kila faili kaandika ni kampeni ya mwaka gani, maana aligombea urais mara tano, 1997 mpaka 2022. Nilibeba mama mtu mzima anaenda Sengerema kwa mwanae, akasema mwanangu usizime, akawa anajibu vitendawili mwenyewe kabla ya umati.

Mapungufu yapo na nayasema ili arekebishe. Sauti haziko sawa, Mkapa yuko chini unafungua mpaka mwisho, inayofuata inakupasua masikio, kwa dereva hiyo ni hatari. Ya pili, flashi niliyopewa mwanzo ilisoma kwenye laptop ikagoma kwenye gari, redio nyingi za magari yetu zinataka ile formati ya FAT32, alipoiformati upya ikasoma na hakunidai kitu, ila angekuwa anauliza kabla mtu ataitumia wapi.

Kubwa zaidi ni nani hayupo. Wanasiasa wanaume watupu! Jenista Mhagama kafariki Desemba 2025, kakaa bungeni na uwaziri miaka yote ile, hayumo. Dokta Ndugulile, aliyechaguliwa Agosti 2024 kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika akafariki Novemba kabla hajakalia kiti, hayumo. Profesa Sarungi wa Rorya hapo jirani, daktari wa mifupa aliyekuwa waziri wa afya na wa ulinzi, hayumo. Na watangazaji jamani, Charles Hilary aliyetutoka Mei 2025, mtu tuliyemsikia kwenye mpira, BBC, Azam, mpaka akaishia Ikulu ya Zanzibar, kwenye kibanda cha sauti anakosaje? Nilimuuliza akasema za Charles anazo ila hazina tarehe. Haya, sheria yake naiheshimu. Kama una mpira aliotangaza na unajua ni mechi gani ya lini, mpelekee.

Bei ni ya kawaida. Ukienda na flashi yako ni elfu tatu kwa yote, ukichukua yake ya GB 8 ni elfu kumi na mbili, mtu mmoja peke yake ni buku. Risiti hana. Asubuhi anakuwa mwepesi, jioni magari ya Geita yakiingia unasubiri sana kwa sababu kila anayefika anataka kwanza asikilizishwe, na yeye anamsikilizisha kweli. Jumapili anafungua baada ya ibada. Ukifika muulize mama wa chai jamaa wa hotuba yuko wapi, atakuonyesha, na mwombe akufungulie daftari kabla hujachagua.